Kupanda treni na basi katika jiji geni

Juzi mdogo wangu alinipigia simu akiwa kwenye treni ya chini ya ardhi jijini Paris. Vituo anavyopita havimo kwenye karatasi niliyomwandikia. Tulielekezana mpaka akafika, nikaona heri niyaandike yote mahali pamoja.

Hatua ya 1: Jua treni inaishia wapi

Rangi ya njia haitoshi. Kariri jina la kituo cha mwisho cha upande unaoelekea, maana ndilo utakaloliona kwenye vibao. Mdogo wangu alipanda njia namba 13, na ndiyo iliyotakiwa, lakini njia hiyo hugawanyika kwenye kituo cha La Fourche: tawi moja huenda Saint-Denis, jingine Asnières na Gennevilliers. Alipanda tawi lisilo lake. Dawa yake ni kushuka, kurudi pale njia zinapoachana na kusubiri treni nyingine.

New York soma kibao kabla hujashuka ngazi, kwa kuwa baadhi ya milango huingiza abiria wa upande mmoja tu.

Hatua ya 2: Nunua tiketi

Kwenye mashine, chagua lugha unayoielewa, lipa.

Hatua ya 3: Hakikisha tiketi imeanza kazi

Hapa ndipo nilipoumia, kwa hiyo soma polepole. Kulipa ni jambo moja, kuianzisha tiketi ni jingine. Treni za Berlin hazina mageti. Tiketi ya karatasi unaichomeka kwenye kisanduku kilichoko jukwaani kabla ya kupanda, nacho kinaigonga muhuri. Mimi nililipa, nikaitia mfukoni, nikakaa. Wakaguzi waliingia na nguo za kiraia, na tiketi isiyo na muhuri ni sawa na kutokuwa nayo: faini euro 60. Siku hizi nikishaichomeka naitazama kwanza. Kama sioni tarehe na saa, naichomeka tena.

London ni kadi. Kwenye treni igusishe kwenye kisomeo ukiingia na ukitoka. Kwenye basi gusisha ukipanda tu, na usitoe noti, kwani mabasi yaliacha kupokea pesa taslimu mwaka 2014. Usipogusisha wakati wa kutoka kwenye treni, unakatwa nauli ya juu kabisa, kwa kuwa haijulikani ulishukia wapi. Jihadhari zaidi na DLR, treni nyepesi za mashariki mwa London: vituo vyake vingi havina geti la kukusimamisha, hivyo kitafute kisomeo mwenyewe. Tena, kadi ya benki na simu yenye kadi hiyohiyo huhesabiwa kama vitu viwili. Ulichoingia nacho ndicho utoke nacho.

Mimi nashikilia kadi ya plastiki. Simu ikizima njiani, umekwama.

Paris, tunza tiketi au kadi uliyoingilia mpaka utoke nje. Tokyo nauli hufuata umbali. Ukiwa umelipa pungufu usiogope, mashine ya kuongezea iko karibu na mageti ya kutokea.

Hatua ya 4: Basi

Tazama wenzako wanapandia mlango upi. Mabasi ya jiji la Kyoto hupandiwa nyuma, na nauli hulipwa mbele wakati wa kushuka. Bonyeza kengele mapema.

Hatua ya 5: Treni ya mwisho

Ipige picha ratiba ya kurudi kabla hujaondoka kituoni. Tokyo, kuanzia karibu saa saba usiku treni hulala mpaka alfajiri, na teksi ya saa hizo ni ghali mno.