Mwamba wa mbali na meli iliyozama: ninavyokwenda na ninavyorudi

Ukienda kuogelea kwa mrija au kuzamia kwenye mwamba wa ufukweni, ukichoka unasimama tu, maji yanakufika kifuani. Kwenye mwamba wa bahari kuu chini yako kuna mita 20, na pwani yako ni chombo kilichokuleta. Ndiyo maana kabla ya kugusa miwani wala mapezi mimi huangalia maji.

Ukiweza kuchagua siku, chagua maji mafu, mwezi ukiwa nusu. Wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, mkondo huwa mkali na maji hupiga ukungu. Kisha subiri maji yasimame, yakiwa yamemaliza kujaa au kupwa na hayajageuka. Mimi hudondosha jani kwenye omo, mbele ya chombo, nikahesabu hadi lifike tezi, nyuma yake. Kwa chombo cha mita 10, likifika kwa sekunde 20, mkondo unakwenda mita 30 kwa dakika, na hapo nawaambia wenzangu tukae tule kwanza. Watu hununa, lakini hakuna mwogeleaji wa kawaida anayeshindana na maji ya namna hiyo kwa muda mrefu.

Chombo kifungwe kwenye boya. Nanga ikitupwa juu ya matumbawe inavunja kwa dakika moja kilichoota kwa miaka mingi. Na abaki mtu ndani anayejua kuwasha injini, si mtoto wa kulinda viatu. Mkiingia, anzeni kuogelea dhidi ya mkondo, ili mkirudi mmechoka maji yawasukume chomboni.

Wa mrija, wanaoelea juu wakipumulia mrija, nao wana raha yao, wala wasidharauliwe. Meli ikiwa imekaa wima, sitaha yake huweza kuwa mita chache tu chini, na jua la saa sita likipiga unaiona nzima kuliko sisi tulioigandia ubavuni. Jaribu miwani bila mkanda: ibandike usoni, vuta hewa kwa pua, ikiganda, ni yako. Itemee mate kwenye kioo, sugua, suuza kidogo. Mrija ukiingia maji, puliza mara moja kwa nguvu kama unayetema kokwa.

Jambo moja nakataza kabisa: kuhema harakaharaka ili upate pumzi ya kuzama. Hewa haikuongezekei ya maana. Unachopunguza ni kaboni dayoksaidi, ambayo ndiyo inayokulazimisha kupumua. Unaweza kuzimia ukipanda, bila kuhisi dalili yoyote, na aliye juu akadhani unatazama samaki.

Wa mtungi, mnaozamia na hewa mgongoni, nadhani mmeshasoma kozi. Asiye na cheti hashuki na mimi. Zibua masikio tangu mita ya kwanza, kabla hayajauma. Mgandamizo ukifika mita 10 umekuwa maradufu ya ule wa juu, kwa hiyo mabadiliko makubwa yako palepale mwanzoni. Yakikataa, panda kidogo, jaribu tena. Yakikataa tena, leo ni siku yako ya mrija. Usizuie pumzi kamwe. Mtungi ukianza na bari 200 (bari ni kipimo cha mgandamizo wa hewa), mimi hugeuka ikifika 120, nikafika chomboni na 50 au zaidi. Kupanda ni mita 9 kwa dakika, halafu dakika 3 za kungoja kwenye mita 5, mkono kwenye kamba. Kama una safari ya ndege, ziache saa 18 zipite baada ya kuzamia mara kadhaa.

Sasa meli yenyewe. Itazame kwa nje. Zunguka rafadha, mlingoti, madirisha ambayo matumbawe yameyafanya maua, na uchukue tochi hata mchana: wekundu ndio unaopotea kwanza majini, na kile ulichodhani ni sponji ya kijivu hugeuka damu ya mzee ukikimulika. Usiguse. Samaki jiwe hukaa hapo hapo unapotaka kushika. Akikuchoma, tumbukiza mguu au mkono kwenye maji ya moto unayoweza kuvumilia, kama nyuzi 45, kisha hospitali. Uwe na kisu pia, kwa ajili ya nyuzi na nyavu zilizonasa kwenye vyuma.

Usiingie ndani. Nalisema hili kwa sababu niliingia. Chewa mkubwa alipita mlangoni taratibu, nami nikamfuata, mwili mzima na mapezi, mkono wa kushoto tu ukabaki umeshika fremu. Sikugusa kitu kingine. Mapovu yangu ndiyo yaliyogonga dari, kutu ikaanza kunyesha, pezi moja likatikisa tope, na mlango ule wa upana wa mita moja ukatoweka. Tochi ikawa inamulika ukuta wa chai. Nilirudi kwa mkono ule ule, nikijivuta kinyumenyume, na fremu ikanichana kiganja. Nilipotoka nikaona kinachonitoka ni kijani. Mita 18 chini damu haina wekundu. Mwenzangu alitoa macho, akanionyesha kidole gumba juu, yaani tupande.

Tukipanda, injini huzimwa kabla mtu hajakaribia ngazi. Sihesabu vichwa, vichwa huhesabika mara mbili, na mwenye haraka humwitikia mwenzake aliyebaki majini. Naita jina moja moja, namtazama mtu usoni akiitika. Siku ile ya kiganja, jina langu liliitwa la mwisho, nami nilikuwa bado kwenye kamba ya mita 5, nikimalizia dakika zangu tatu.