Soksi mbili, raba bendi na mkasi

Kohesini, protini inayoshikilia pamoja nakala mbili za kromosomu kabla seli haijagawanyika, ikikuchanganya, chukua soksi mbili za jozi moja, uzivalishe raba bendi tatu. Soksi ni kromatidi dada, yaani hizo nakala mbili za kromosomu moja. Raba ni kohesini, pete ya protini inayozizingira tangu DNA inakiliwe. Haigandishi kama gundi. Mkasi ni separezi, kimeng'enya kinachokata kohesini, na kidole chako kilichozuia makali ndicho sekurini, protini inayozuia separezi. Anafasi (hatua ya kromatidi kutengana) ikiwadia sekurini huharibiwa, mkasi hukata raba, kila soksi inakwenda upande wake.

Kwa meiosisi (mgawanyiko wa seli unaotengeneza mbegu na mayai, wenye hatua mbili), funika raba ya katikati kwa selotepu. Hiyo ni protini shugoshini (Kijapani, “roho mlinzi”): huzuia mkasi usikate penye sentromia (sehemu kromatidi dada zinapobanana) mpaka mgawanyiko wa pili. Wengi huteleza hapo kwenye mtihani. Usitumie soksi za shule, tafadhali.