Dodoma ndiyo darasa: kwa mzazi anayesomesha watoto nyumbani ughaibuni

Mzazi mwenzangu unayesomesha wanao nyumbani huko uliko: kama una mama, shangazi au babu mkoani Dodoma, una darasa ambalo hakuna duka linaloliuza. Ombi langu kwako ni moja. Usiwalete watoto kutembea. Walete washike kazi, na mwalimu awe mwenye kazi, si wewe.

Nasema hivi kwa uchungu wa safari yetu ya kwanza. Nilibeba begi zima la vitabu vya mazoezi. Kila asubuhi wanangu wawili waliketi barazani kwa saa tatu, wakijaza kurasa zilezile wanazojaza nyumbani kwetu pembezoni mwa London, na nyuma ya nyumba bibi yao alikuwa anapura mtama. Kurasa zikaisha, na mtama nao ukaisha. Nililia usiku ule nilipoelewa kilichotupita.

Basi anza na kuchagua mwezi, kwa sababu hapo ndipo familia inayosomesha nyumbani ina bahati ambayo wengine hawana. Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, Desemba hadi Aprili hivi. Mtama na uwele huvunwa Mei na Juni. Shule za Tanzania kwa kawaida hufunga mwanzoni mwa Juni na kufungua mapema Julai, wakati shule za England ndiyo kwanza zinafunga mwishoni mwa Julai. Familia inayofuata kengele ya shule hufika binamu wakiwa wamesharudi darasani na nafaka imeshaingia ghalani, tena kwa nauli ya ndege iliyopanda. Wewe kengele hiyo haikuhusu. Njoo wiki ya kwanza ya Juni. Utakuta uwanja wa kupuria umefagiliwa, binamu wapo nyumbani, na bibi anatafuta mikono.

Kabla ya kukata tiketi, hakikisha sheria ya unakoishi. England inamruhusu mzazi kusomesha nyumbani na haimlazimishi kufuata mtaala wa taifa, ila halmashauri inaweza kukuuliza mtoto anajifunza nini. Marekani kila jimbo lina lake: Texas haidai taarifa za mara kwa mara, New York inataka taarifa ya kila robo mwaka. Ujerumani mtoto lazima aende shule, kwa hiyo mlioko huko mtatumia likizo tu. Na kama unarudi Tanzania kuishi moja kwa moja, hayo ni mengine kabisa: Sheria ya Elimu ya 1978 inataka mtoto aandikishwe shule ya msingi, kwa hiyo mwone afisa elimu kata mapema.

Sasa uwanjani. Usimweleze mtoto chochote kuhusu mtama kabla hajaugusa. Mkabidhi kwa bibi, kaa kando, nyamaza. Hili la kunyamaza ndilo gumu kuliko yote, maana sisi wasomeshaji wa nyumbani tumezoea kueleza. Mama yangu hakueleza. Alimpa mwanangu mkubwa ungo wenye mtama uliopurwa, akashika mikono yake kwa nyuma, akarusha naye mara tatu, kisha akaiachia. Nafaka nusu ikamwagika chini. Bibi akasema tu, "Okota." Akaokota punje moja moja hadi zikaisha. Siku ya nne alikuwa anajua kusubiri upepo wa alasiri, kurusha juu kidogo tu, na kuvuta ungo kifuani ili makapi yaende na upepo, punje zirudi. Maswali yalikuja yenyewe usiku, juu ya mkeka: kwa nini punje nzito huanguka karibu, na makapi mepesi huenda mbali? Hapo ndipo na mimi nilipofungua mdomo.

Hesabu nazo zipo palepale. Visado vingapi vinajaza debe? Madebe mangapi yanajaza gunia? Gunia moja litalisha watu saba kwa wiki ngapi, ikiwa kila siku bibi anachota kiasi hiki? Acha wapime wenyewe, wakosee, wapime tena. Wanangu walipofika kwenye maji walipata jibu lililowanyamazisha. Mtu mmoja Uingereza hutumia takriban lita 140 za maji kwa siku. Dumu la bombani ni lita 20. Madumu saba, kwa mtu mmoja, kila siku. Walikuwa wameshabeba vidumu vya lita tano kutoka bombani, kwa hiyo sikuwa na haja ya kuwaambia uzito wake.

Kuna jambo la binamu ambalo lazima uliandalie. Wanao wataitwa wazungu. Si kwa chuki, lakini inauma, na mwanangu mdogo alijifungia chumbani siku mbili. Kilichomtoa hakikuwa nasaha zangu. Kaka yangu alimpa kazi yenye jina: kila jioni yeye ndiye wa kuhesabu mbuzi wakiingia zizini. Mbuzi mmoja alipokosekana, binamu wote walimkimbilia yeye kuuliza. Tangu jioni ile hakuna aliyemwita mzungu. Kwa hiyo ongea na wenyeji wako mapema kwa simu, uombe kila mtoto apewe jukumu ambalo likilala nyumba nzima itajua.

Wafundishe pia adabu kabla ya kupanda ndege. Shikamoo wataijua, lakini waambie na "Mbukwenyi", salamu ya Kigogo. Wazee wakiisikia kinywani mwa mtoto aliyezaliwa ng'ambo hufurahi mno. Waeleze utani wa bibi na mjukuu. Bibi akimwita kijana wako "mume wangu", au babu akamwita binti "mke wangu" na kudai apikiwe, mtoto asiyejua atashtuka. Anayejua atajibu, na lugha yake itapaa, kwa sababu utani unadai jibu la haraka.

Agosti, kama mtaongeza muda, ni zabibu. Mizabibu ya Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, na mavuno ya pili huanguka Agosti na Septemba. Nendeni upande wa Makutupora, mwombe mkulima watoto wakate vishada pamoja naye. Nunua kilo nne, uzitandaze nyumbani juu ya chandarua safi, mzipime kila asubuhi kwa mizani ya jikoni na kuandika. Hewa kavu ya Dodoma inafanya kazi upesi. Kilo nne zikikauka vizuri hubaki karibu kilo moja. Mtoto aliyeona kilo tatu za maji zikipotea hewani hahitaji picha ya kitabuni kuelewa mvuke.

Kwa watoto wanaokulia Uingereza, nasisitiza Kongwa. Mnatoka Dodoma kwa barabara ya Morogoro, mnakata Mbande. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mpango wa kulima karanga Tanganyika, na kazi ikaanzia hapo Kongwa. Walikusudia zaidi ya ekari milioni tatu, wapate mafuta ya kula yaliyoadimika baada ya vita. Mibuyu na vichaka vikayashinda matrekta, mvua ikagoma, na udongo wa mfinyanzi ulipokauka ukawa mgumu kama sakafu, karanga zikanasa humo. Mpango ukafutwa 1951, takriban pauni milioni 36 zikiwa zimepotea. Haya usiyasome kwa sauti garini. Mpe mtoto jembe kwenye ardhi kavu ya Julai, achimbe shimo la kina cha shubiri moja. Kisha mwageni ndoo ya maji pembeni, msubiri, achimbe tena. Baada ya hapo msimulie. Mkubwa wangu, mikono ikiwa na malengelenge, aliuliza kwa nini hawakuwauliza wenyeji wanaolima mtama na kufuga ng'ombe pale. Miaka ya 1960 Kongwa hiyohiyo ilikuwa na kambi za wapigania uhuru wa Msumbiji, Afrika Kusini, Namibia na kwingineko, na hilo linatosha siku ya pili nzima ya mazungumzo.

Michoro ya miambani ya Kolo, Kondoa, iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006, ni safari ya siku nzima. Piteni kwanza ofisi ya mambo ya kale pale Kolo mpate mwongozaji. Watoto wasiguse wala kumwagia maji mwamba ili rangi ing'ae. Michoro mingi imeharibika kwa namna hiyo. Baadhi ya maeneo yale wenyeji bado wanafanyia matambiko, kwa hiyo tembeeni kwa heshima. Kusaga udongo mwekundu na kuuchanganya na mafuta mtafanya nyumbani, juu ya mawe yenu wenyewe.

Afya kwa ufupi: mwone daktari wiki kadhaa kabla kuhusu vidonge vya kuzuia malaria, laleni ndani ya chandarua, maji ya kunywa yachemshwe, kofia kichwani mchana. Na sweta. Usiku wa Julai Dodoma ni baridi na wengi hufika na fulana tu.

Kumbukumbu za masomo zisikuchoshe. Daftari moja kwa kila mtoto, tarehe, alichofanya, alichopima, mchoro mmoja. Rekodi sauti ya bibi akieleza kazi, mtoto aandike maneno mapya. Mbegu usizibebe mkononi bila cheti cha afya ya mimea, zitachukuliwa mpakani.

Kabla ya kuondoka Dodoma, tengenezeni vipima mvua viwili vinavyofanana. Chupa ya plastiki yenye ubavu ulionyooka, kata shingo, igeuze iwe faneli, tia maji kidogo hadi pale ubavu unapoanza kunyooka, bandika rula sifuri ikiwa usawa wa maji hayo. Kimoja kibaki kwa bibi, mlinzi wake awe binamu. Kingine bebeni, mkiweke nje mkifika kwenu. Dodoma hupata takriban milimita 570 kwa mwaka, London karibu 600, na watoto hawaamini wakiambiwa. Ila ya London hudondoka kidogo kidogo mwaka mzima. Kila Jumapili wanapigiana simu na kusomeana namba. Kuanzia Juni hadi Novemba binamu husema sifuri, sifuri, sifuri. Desemba iliyopita alipiga simu mwenyewe, siku ya Jumatano, akipiga kelele kwa sababu bati lilikuwa linamzidi sauti: "Ishirini na tatu!"