Sukuma na spinachi za mapambo: jinsi ya kupanda bustani ya vuli huku kwenye baridi

Kwanza tuelewane jamani, vuli ninayoisema hapa sio ile ya mvua za nyumbani. Ni vuli ya huku Ohio, Marekani, majani yanageuka rangi yanadondoka, jua linazama mapema na kila nyumba mtaani imeweka maboga kwenye ngazi. Mimi niko Columbus, na mwaka wa kwanza nilipanda kama mtu wa Morogoro anayesubiri mvua, nikanunua miche midogo ya bei poa Oktoba, nikaipa nafasi nusu mita kwa nusu mita, nikakaa nasubiri ijae. Wapi! Theluji imekuja kuikuta na saizi ile ile niliyotoka nayo dukani, jirani akaniuliza taratibu kabisa kama hiyo nimepanda au imeniangukia njiani.

Ndo nikaelewa kwamba msimu huu unapanga mimea kama unavyopanga vyombo kabatini. Siku zinafupika mpaka Desemba mwanga unabaki masaa 9 na dakika chache kwa siku, udongo unapoa, mmea haukui tena wa maana, kwa hiyo saizi uliyonunua ndo utakayokaa nayo. Nunua mikubwa, ibananishe majani yakaribie kugusana. Na usingoje, Septemba mwanzoni mpaka katikati ndo wakati wake kwa huku kwetu, mizizi ipate wiki kadhaa za kushika kabla ya zile asubuhi unatoka unakuta nyasi nyeupe zimeganda.

Sasa mimea yenyewe. Ile kabichi ya mapambo unayoiona mbele ya benki na makanisa, katikati zambarau au pinki au nyeupe kama maziwa, ni ndugu wa damu wa sukuma wiki, wote ni Brassica oleracea pamoja na brokoli na koliflawa. Rangi yake inaletwa na baridi, usiku ukishaanza kushuka chini ya nyuzi 10 za Selsiasi kwa wiki mbili hivi ndo inakolea kweli kweli, kwa hiyo ukiinunua Septemba imepauka usikate tamaa, na usiimwagie mbolea yenye naitrojeni nyingi, utabaki na kijani tu. Ukipanda izamishe kidogo, lile shina refu lililo uchi liingie lote udongoni majani ya chini yakae juu ya ardhi, hapo inaonekana kama waridi kubwa limewekwa chini. Angalia pia viwavi vya kijani chini ya majani, wale watoto wa kipepeo mweupe, wanakula usiku mmoja ukiamka umebaki na chujio. Mimi nawatoa kwa mkono.

Kula je? Najua mmeshaanza kufikiria ugali. Inalika lakini ni chungu, halafu ya dukani iliyouzwa kama pambo huwezi kujua imepuliziwa dawa gani, iache hapo hapo. Ukitaka pambo na mboga kwa mpigo tafuta ile sukuma ya zambarau iliyojikunja (huku wanaiita kale) ya aina ya Redbor, nunua upande wa miche ya mboga, na ikipigwa na baridi ndo inazidi utamu.

Halafu kuna spinachi. Ile tunayoiita spinachi nyumbani, yenye bua nene jeupe, huku wanaiita chard, na kuna aina yenye mabua mekundu, njano, chungwa na pinki, mbegu maarufu ni Bright Lights. Ipande upande ambao jua la jioni linapita nyuma yake, mabua yanawaka kama taa za harusi. Baridi ndogo inaivumilia, ikija ile ya kugandisha udongo inalala chali, kwa hiyo kabla ya hapo ivune yote weka kwenye friza.

Mbele kabisa weka pansi, yale maua yenye sura kama paka amekasirika. Nafasi sentimita 15 hadi 20, yakinyauka yakatie na kikonyo chake yatoe mengine. Uzuri wake yanalala chini ya theluji na mara nyingi yanaamka tena Machi, pesa moja misimu miwili.

Maua ya krisanthemumu ndo wengi tunaliwa. Tunachukua poti lililochanua lote kwa sababu linapendeza dukani, baada ya siku kumi limekuwa kahawia. Chukua lenye vitumba vya maua vilivyofunga, rangi ikichungulia tu. Na kabla ya kupanda litumbukize poti zima kwenye ndoo ya maji mpaka mapovu yaishe, maana mizizi imesokotana imekuwa kama katani na maji ya juu juu hayaingii, kisha ipasue pasue kwa vidole. Ukilipanda Oktoba usitegemee kuliona mwakani, mizizi haitawahi kushika.

Kumwagilia watu wanasahau kwa sababu hakuna joto, ila upepo wa vuli unakausha vibaya hasa vyungu, ingiza kidole kama udongo mkavu mwagia asubuhi. Kama kwenu kuna kulungu wa huku (deer), wale wa mtaani wanaotembea kama wenye nyumba, weka pansi karibu na mlango, wanaipenda kuliko nyasi.

La mwisho, kabichi ikishaganda ikayeyuka ikaganda tena mara kadhaa inaoza, na harufu yake ni ile ya jaa la sokoni saa nane mchana. Ukiona majani yamelegea kama kitambaa kilicholowa, ing'oe siku hiyo hiyo kabla wageni wa Krismasi hawajafika.