Somo: Vibali vya kizimba cha sato Ziwa Victoria, kuanzia majiranukta hadi vifaranga

Wakuu, wengi wanaotaka kufuga sato kwenye kizimba (wavu uliofungwa kwenye fremu inayoelea ziwani) huanza kwa fundi wa kuchomelea. Fremu inaisha, mapipa yanafungwa, ndipo mtu anauliza habari za vibali. Anza na eneo. Kila karatasi utakayopewa inabeba majiranukta (namba zinazoonyesha mahali kwenye ramani), na ukisogeza kizimba, karatasi zote zinabaki zikitaja mahali pengine.

1. Eneo
Muone afisa uvuvi wa halmashauri yako (Ilemela, Misungwi, Sengerema, Ukerewe, popote ulipo), kisha TAFIRI (Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi) Mwanza. Kaa mbali na mazalia ya samaki, njia za meli na vivuko, vyanzo vya maji ya bomba kama Capripoint, na vighuba ambako magugu maji hujikusanya.

Kina: wavu wa mita 3 unataka angalau mita 3 nyingine za maji wazi chini yake ili kinyesi na mabaki ya chakula yasirundikane chini ya samaki. Kwa hiyo mita 6 ndicho kina cha chini kabisa. Mimi nisingekubali pungufu ya 8. Pima kwa kamba yenye uzito, na upime maji yakiwa yamepungua. Ziwa lilipanda mno 2020 na tena 2024, hivyo vipimo vya vipindi hivyo vitakudanganya.

Majiranukta chukua ya pembe zote nne, kwa mfumo wa WGS84, ule unaotumiwa na GPS. Ramani nyingi za zamani za Tanzania zinatumia mfumo wa zamani uitwao Arc 1960, na tofauti ya mifumo hiyo miwili hufika kama mita 300. Ukichanganya, mkaguzi atakuja na kifaa chake akute kizimba chako, kwa mujibu wa cheti, kiko nchi kavu.

2. BMU (kikundi cha usimamizi wa uvuvi ufukweni), kijiji, halmashauri
Usiridhike na barua ya ridhaa ya mwenyekiti. Omba muhtasari wa kikao wenye majina na saini, wakiwemo wavuvi wa dagaa na wa nyavu wanaotumia maji yale yale. Mgogoro ukizuka, muhtasari ule ndio utakaokutetea.

3. NEMC (Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira)
Hapa ndipo muda mwingi unapokwenda. Chini ya Sheria ya Mazingira ya 2004 unapeleka andiko la mradi, nao wanapanga kiwango cha tathmini ya athari kwa mazingira. Tathmini hufanywa na mtaalamu aliyesajiliwa. Andiko la kunakili kutoka mradi wa mwingine hujulikana haraka, kwa sababu hesabu zake hazilingani na kizimba chako.

Hesabu zenyewe, mfano: kizimba cha mita 6 kwa 6, wavu mita 3 ndani ya maji, ni mita za ujazo 108. Ukiweka vifaranga 50 kwa kila mita ya ujazo ni 5,400. Wakipona asilimia 80 ni 4,320, na kwa gramu 500 kila mmoja unavuna kilo 2,160. Kwa kilo 1.5 ya chakula kwa kila kilo ya samaki, unahitaji kama kilo 3,240 za chakula. Tani hizo tatu ndizo zinazomhangaisha mkaguzi: sehemu yake inageuka uchafu ziwani. Eleza utatumia chakula kinachoelea, utalisha mara ngapi, na samaki wafu utawapeleka wapi.

Ghala la chakula nalo liingie kwenye andiko. Shughuli ya kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni imekatazwa na sheria hiyo hiyo.

4. Maji
Kibali cha kutumia maji huombwa Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria, hapa hapa Mwanza.

5. Wizara ya Mifugo na Uvuvi
Unaomba kibali cha ukuzaji viumbe maji ukiambatisha yote ya juu. Jina la kikundi lifanane herufi kwa herufi kila mahali. Malipo ni kwa namba ya kumbukumbu ya malipo (control number). Anayetaka taslimu mkononi, achana naye.

Sasa mwite fundi. Vifaranga viwe vya mwisho kabisa, maana havisubiri saini ya mtu.

MASWALI

*Mkuu, sisi ni vijana kumi, kizimba kimoja tu. NEMC ya nini?*
Udogo unaweza kupunguza ukubwa wa tathmini, lakini hauwapi ruhusa ya kutouliza. Pelekeni andiko, wajibu wao kwa maandishi. Kama kuna vikundi vingine jirani, ulizeni kama mnaweza kuingia kwenye andiko moja mgawane gharama.

*Sato wangu wana sentimita 22 na mteja yupo. Niuze?*
Subiri. Sato wa ziwani chini ya sentimita 25 haruhusiwi, na njiani hakuna atakayemtambua wako kuwa wa kizimba. Akifika 25 huwa na kama gramu 300, na bei yenyewe inapanda. Hata hivyo safiri na nakala ya kibali na barua ya afisa uvuvi yenye tarehe ya mavuno na uzito.

*Asubuhi nimekuta samaki wengi wamekufa, wengine wanahema juu ya maji. Sumu?*
Kati ya Juni na Agosti shuku kwanza upungufu wa hewa majini. Upepo huchanganya ziwa, maji ya chini yasiyo na oksijeni yanapanda. Acha kulisha, toa wafu, uwazike mbali na ufukwe, usiwauze wala kuwatupa ziwani. Mpigie afisa uvuvi siku hiyo hiyo. Akichelewa kuja, vipimo vya maji havitaonyesha tena kilichotokea.