Mabawa ya roketi ya watoto: gundi mara mbili, rangi kidogo kidogo

Mnaounda roketi za modeli na watoto, kwenye mabawa tumieni gundi nyeupe ya mbao, ile ya kukauka fasta hapana, itaishia vidoleni. Mtoto apake kidogo kwenye ukingo wa bawa, aligandamize kwenye bomba (mwili wa roketi), alibandue, asubiri kama dakika moja gundi ianze kunata, ndo apake tena kidogo na kulibandika jumla. Hapo bawa linashika lenyewe, hana haja ya kulishikilia robo saa (na hatashikilia, tunawajua). Ila kabla ya kukata cheki mistari ya mbao ifuate ukingo wa mbele wa bawa, ikikatiza linavunjika likigusa chini tu.

Rangi ya kupuliza wanapenda kumwaga, mwambie apitishe nyepesi nyepesi, mkono usisimame sehemu moja. Viringisha gazeti ulichomeke pale injini inapokaa, linakuwa mpini na rangi haiingii ndani. Na ile shingo ya pua inayozama kwenye bomba izungushie selotepu kwanza, rangi ikijaa pale pua inakwama na parachuti haitoki.