Somo: Kuhamisha santuri ya The Dark Side of the Moon kwenda kwenye kompyuta

Albamu hii ya Pink Floyd ilitoka Machi 1973, ikiwa imerekodiwa studio za Abbey Road, London, Alan Parsons akiwa kwenye mitambo. Nakala zilizouzwa zimepita milioni 40, kwa hiyo ukianza kazi ya kuhamisha santuri za rock, hii utaletewa mapema. Bahati mbaya ndiyo inayosumbua kuliko nyingi: inaanza kwa mapigo ya moyo yanayosikika kwa mbali, nyimbo zimeunganishwa, na ndani yake kuna saa za ukutani na mashine ya kuhesabia hela. Ukiitegemea programu ikusafishie uchafu baadaye, itakula na muziki.

Hatua ya 1: Osha. Dodoma kuanzia Juni mpaka mvua zianze hewa ni kavu na upepo hautulii. Santuri ikitolewa tu kwenye karatasi yake inajaa umemetuamo (umeme wa msuguano) na kuvuta vumbi jekundu. Ukiifuta kwa kitambaa kikavu unaongeza huo umeme, na mchanga unakwaruza mifereji inayobeba sauti.

Maji ya bomba ya hapa yana chumvi, yakikauka yanaacha ukoko mweupe. Tumia maji ya betri, yale ya kujazia. Soma chupa vizuri, maana duka hilohilo linauza na asidi. Lita 1 ya maji, matone 3 ya sabuni ya maji ya vyombo isiyo na losheni, na brashi ya rangi ya inchi 2 yenye nywele laini. Funika lebo kwa kifuniko cha plastiki, piga brashi kufuata mzunguko wa mifereji, kamwe usiikatize mifereji. Suuza mara mbili kwa maji matupu ya betri. Isimamishe ndani ikauke, mbali na dirisha. Ukiianika juani itajikunja, na haitanyooka tena. Usiirudishe kwenye karatasi yake ya zamani kabla hujaikung'uta, la sivyo umeosha bure.

Hatua ya 2: Panga mashine. Weka pima maji ya fundi ujenzi juu ya sahani inayobeba santuri, pande zote mbili. Uzito wa sindano fuata ulioandikwa na mtengenezaji wa kichwa cha sindano yako. Vingi vya kawaida vinataka karibu gramu 2. Watu hupunguza wakidhani wanaihurumia santuri. Sindano nyepesi mno inarukaruka na kugonga kuta za mfereji, inaharibu kuliko iliyozidi kidogo.

Hatua ya 3: Waya. Plea ya santuri haiingii moja kwa moja kwenye tundu la AUX. Wakati wa kuchonga mifereji ya santuri kiwandani besi hupunguzwa na sauti nyembamba huongezwa, na kikuza sauti cha fono ndicho kinachorudisha uwiano. Bila hicho utapata sauti ndogo, kali, isiyo na besi. Ukisikia mvumo mzito usiokoma, waya wa ethi (wa ardhini) wa plea haujafungwa kwenye kikuza sauti. Mvumo ukibaki, chomoa chaja ya laptop urekodi kwa betri.

Hatua ya 4: Rekodi. Biti 24, kHz 44.1, kwa Audacity au programu unayoijua. Faili la WAV litakula kama MB 16 kwa dakika. Albamu nzima ya dakika 43 inakaribia MB 700. Usipime sauti kwa mapigo ya moyo ya mwanzo, utaifungulia mno. Cheza katikati ya "The Great Gig in the Sky", pale Clare Torry anapopaza sauti, halafu "Eclipse", urekebishe kilele kikae karibu dB -6. Rekodi upande mzima bila kusimama. Umeme ukikatika, inua mkono wa sindano haraka, na ukirudi anza upande upya, kwani kiraka kwenye nyimbo zilizoungana kinasikika.

Hatua ya 5: Mipasuko. Usichague upande mzima ukabonyeza kiondoa mipasuko. Saa za "Time" na hela za "Money" programu inaziona uchafu. Vuta picha ya sauti karibu: mpasuko wa vumbi ni mwiba mwembamba wa milisekunde moja au mbili, mlio wa saa una mkia. Ondoa mwiba mmojammoja, hasa mwanzo na mwisho, maana albamu inafunga tena kwa mapigo ya moyo. Usikate faili mapema.

Hatua ya 6: Kata na hifadhi. Tunza upande mzima kwanza, ndipo utenge nyimbo. Tumia FLAC, aina ya faili isiyopoteza sauti. MP3 huongeza ukimya kidogo mwanzo na mwisho wa kila faili, na "Brain Damage" ikiingia "Eclipse" utasikia shimo.

MASWALI (kila muulizaji ametajwa kwa mtaa wake wa Dodoma)

Nkuhungu: Mkuu, asante kwa somo. Plea yangu imetoka Marekani, nimeweka transfoma ya kushusha hadi 110. Inazunguka ila waimbaji wana sauti nzito, kama wamelewa.

Jibu: Transfoma inashusha volti tu, hertzi zinabaki 50. Mota za zamani zinazofuata hertzi za umeme zilitengenezewa 60, kwa hiyo badala ya mizunguko 33.3 kwa dakika unapata kama 27.8. Tafuta puli ya 50 Hz ya modeli hiyo. Ukikosa, rekodi hivyohivyo kisha ongeza kasi kwa asilimia 20 kwenye programu. Uwiano wa besi utapotea kidogo, lakini itasikilizika.

Kisasa: Naweza kuoshea spiriti ya famasi?

Jibu: Hapana ndugu. Nyingine ina mafuta ndani, yanabaki kwenye mifereji. Na kama una zile nzito za mizunguko 78 za shelaki, alkoholi inaziyeyusha kabisa.

Area C: Upande wa pili mwanzoni uko safi, ikifika "Eclipse" herufi "s" zinakwaruza. Nimeosha mara mbili.

Jibu: Acha kuosha. Karibu na lebo mfereji unapita chini ya sindano kwa kama sm 21 kwa sekunde, wakati ukingoni ni kama 51, na "Eclipse" ndiyo yenye kelele nyingi, imekaa hapohapo. Angalia kwanza pembe ya kichwa cha sindano kwa karatasi ya vipimo, kisha umri wa sindano. Kama vyote viko sawa, mfereji umeshaliwa na sindano mbovu ya mwenye nayo wa zamani, na hapo hakuna dawa.

Majengo: Nikimaliza naweza kuwawekea wateja kwenye flashi?

Jibu: Kwa matumizi yako. Ukiuza, umeingia kwenye Sheria ya Hakimiliki ya 1999, na COSOTA, wasimamizi wa hakimiliki Tanzania, wapo.

Makole: Nitajuaje kama ni toleo la kwanza la Uingereza?

Jibu: Namba SHVL 804 haitoshi, iko na kwenye matoleo ya baadaye. Tazama lebo: ya kwanza ina pembetatu ya bluu iliyojazwa rangi, za baadaye ni mstari tu. Ndani ya jalada kulikuwa na mabango 2 na stika 2, na hivyo ndivyo vinavyokosekana mara nyingi.